Mlima Niliowachagulia

Kwanza niuseme mwili wangu mwenyewe, maana wenzangu wameshausema sana nisipokuwepo. Nina kisukari, mwaka wa tisa huu. Goti la kushoto halikunji sawasawa. Na kule Uluguru nilianguka mbele ya watu nikateremshwa kwa machela. Hayo ni kweli, sijawahi kuyakataa. Ninachokataa ni jinsi walivyoyatumia.

Kikundi cha kutembea nilikianzisha mie. Kimara, kama unaijua, ni kupanda na kushuka. Ukiiacha barabara ya Morogoro ukaingia ndani, kila nyumba iko juu au chini ya nyumba nyingine. Daktari wa kliniki aliniambia, mzee, tembea. Basi nikawa natembea kila Jumamosi asubuhi, nateremka bondeni kwa upande wa Bonyokwa na kupanda tena. Nilikuwa peke yangu kama miezi miwili hivi. Kisha jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi akaniona napita na fimbo, akafunga duka, akanifuata nyuma akisema kwa sauti mtaa mzima usikie: "Ngoja nimfuate huyu Mpare, lazima kuna shamba la mtu anakwenda kulifungulia kesi!"

Huyo ndiye mtani wangu. Mie Mpare, yeye Mchaga, na asiyejua utani wa makabila haya mawili hajakaa Tanzania. Tumeishi ukuta kwa ukuta miaka ishirini na sita. Mke wangu alipofariki alisafiri nasi mpaka Upare, akaingia kaburini kabla ya jeneza, akakaa chini na suti yake, akasema mama huyu hazikwi mpaka Mpare atoe jogoo, kwa sababu amemchosha mama wa watu kwa kesi zisizoisha. Watu wakacheka msibani. Mie nilicheka huku machozi yananitoka, na siku ile nzima hiyo ndiyo mara pekee niliyovuta pumzi. Jogoo alipewa. Naeleza haya ili ijulikane kwamba ninayemsema hapa si mtu wa mbali.

Kikundi kikakua, tukawa wanane. Kulikuwa na mwalimu mstaafu, mama mwenye sauti ya darasani mpaka leo, tukamfanya katibu kwa kuwa anaandika vizuri. Mie mwenyekiti. Mie ni mfanyabiashara wa tangawizi, shule yangu ni darasa la nne, na uenyekiti sikuuomba, walinipa. Tukatembea Pugu mpaka tukapachoka, kisha tukaenda Uluguru, na huko ndiko nilikoanguka. Asubuhi ile nilimeza dawa, nikaona aibu kuwachelewesha wenzangu kwa ajili ya chai, nikaanza kupanda tumbo tupu. Kosa langu. Katikati ya mlima macho yakajaa giza. Mama mmoja aliyekuwa anateremsha ndizi akamenya moja akanitia mdomoni kama mtoto, kisha wanaume wanne wa kijiji wakakata miti miwili, wakafunga magunia, wakanibeba. Mtani wangu alitembea pembeni yangu njia nzima akipiga kelele, "Taratibu jamani, hiyo tangawizi ya daraja la kwanza!" Na mkono wangu hakuuachia mpaka chini. Hilo nalo ni kweli.

Wazo la kwenda kutembea milima ya nchi nyingine lilikuwa langu pia, na lina sababu yake. Nimezaliwa milimani. Kwetu tangawizi inalimwa juu, gari liko chini, na kati yake kuna mabega ya watu. Niliiteremsha tangu mdogo mpaka nilipokuja Dar na gunia langu la kwanza, nikasimama sokoni Mabibo, na kutoka gunia hilo nikajenga na kusomesha watoto wanne. Kwa hiyo mlima kwangu ulikuwa kazi. Sikuwahi kuutazama, nilitazama visigino vya aliyenitangulia. Uzeeni nikatamani nipande mikono mitupu, nisimame ninapotaka, nitazame. Nikajaribu nyumbani. Haiwezekani. Siku ya kwanza tu nimepita njiani bila mzigo, shangazi mmoja akaniuliza nani amefariki. Mbele kidogo mwingine akauliza kama nimekuja kuuza shamba la baba. Kufika jioni kaka zangu wameshaitana kikao, wanataka kujua nazungukazunguka mipakani mwa mashamba kwa nia gani. Kwetu mtu mzima hatembei mlimani bure. Nikasema basi, nitatembea mlima wa watu wasionijua.

Nilipolitoa wazo hilo kikundini, mwezi wa pili mwishoni, walipiga makofi. Mwalimu akasimama akasema, "Mwenyekiti ndiye atuchagulie. Sie wengine milima tunaijua kwa picha." Nikaondoka pale nimenyooka mgongo kama kijana.

Kuchagua mlima nilikuchukulia kama kununua mzigo. Gunia la tangawizi hulinunui kwa kulitazama. Unaingiza mkono mpaka chini, unatoa kipande, unakivunja, unanusa. Mwalimu alikuwa ananionyesha picha kwenye simu, kila mlima umepakwa jua. Nikamwambia, Mwalimu, hiyo ni ya juu ya gunia. Mie nikaenda kwa madereva wa malori. Nimejuana nao miaka yote ya biashara, wanaokwenda Kampala, Kigali, Lubumbashi, Blantyre, wengine mpaka Durban. Nilikaa nao wanaposimama kunywa chai Kimara na Mbezi, na walioko safarini wakawa wananitumia sauti kwenye simu, kwa kuwa kusoma meseji ndefu kunanichosha. Niliwauliza wote maswali yaleyale. Njia ya juu ni udongo au mawe? Maji yako wapi? Mvua inakatika mwezi gani? Mgeni analala wapi, na anakula nini? La mwisho: je, huko mzee anaonekana akipita?

Rwenzori ya Uganda niliitamani kwa jina. Dereva wa njia ya Kasese akacheka sana. Akasema huko watu wanapanda na buti za mvua mwaka mzima, na matope yakikushika, mguu unatoka buti linabaki. Nikaiweka pembeni. Rwanda ina milima mizuri ya volkano, lakini vibali vyake vimepangwa kwa mfuko wa Mzungu. Lesotho, njia ni karibu wiki nzima ya kukaa kwenye basi, na ukifika ni baridi ya kugonganisha meno. Mlima Kenya mtani wangu aliupigia debe kwelikweli. Nikamwambia juu ni barafu, na sie hatutafuti kilele, tunatafuta kutembea.

"Sema una wivu," akanijibu mbele ya wote. "Unakukumbusha wa kwetu. Nyie kwenu mna vichuguu."

"Wa kwenu mmeupanda mara ngapi?" nikamwuliza. "Mchaga hapandi mlima kama juu hakuna duka."

Tulicheka mpaka Mwalimu akafuta miwani.

Mwishoni nikaipata Mulanje, kusini kabisa mwa Malawi. Dereva mmoja anayepeleka mizigo Blantyre ameoa huko. Kijiji cha mkewe kiko chini ya mlima wenyewe, katikati ya mashamba ya chai. Alinitumia sauti ndefu, nyuma yake kuku wanalia. "Mzee, mlima huu juu ni tambarare. Ukishaumaliza mpando wa siku ya kwanza, siku zinazobaki mnatembea tu, kutoka kibanda mpaka kibanda. Vibanda ni vya mbao, kuna mlinzi anawasha moto, anawachotea maji. Ugali wao wanauita nsima, lakini ni uleule. Mwezi wa sita na wa saba kuna ukungu na manyunyu, msije. Njooni wa tisa. Na wazee mbona wapo, mama mkwe wangu huko anakwenda kuokota kuni." Nikairudia sauti ile mara tatu. Viza hatuhitaji, na mabasi yapo. Hapo nikajua kipande nimekivunja na kimenukia. Kutoka siku walipopiga makofi mpaka siku hiyo ilikuwa miezi minne.

Kikao kilifanyika Jumamosi baada ya matembezi, uani kwa mtani wangu. Nilisimama bila karatasi, nikaeleza mlima mmoja baada ya mwingine, kwa nini huu hapana na kwa nini huu ndiyo. Hakuna aliyepinga. Mtani wangu ndiye aliyesimama mwisho.

"Mlima umechagua vizuri, Mpare," akasema. "Sasa wewe baki. Utulindie nyumba. Goti lako likifika Mbeya litaomba kushuka. Na sie hatuna ubavu wa kuvusha maiti ya Kipare mpakani, ukoo wenu utatushitaki wote saba, na mlima utakuwa mshitakiwa wa nane."

Ua mzima uliangua kicheko. Mie nilicheka kuwashinda wote, nikampiga begani. Nakumbuka sasa kwamba Mwalimu hakucheka. Alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake. Wakati ule nilidhani chai imeingia mdudu.

Wiki mbili zikapita. Sie Waswahili wa Dar hatuendi popote kwa kundi bila sare, harusi, msiba, hata picnic ya kanisani. Tulikuwa tumekubaliana mashati ya kitenge cha bluu, tuvae siku ya kuondoka. Mwalimu akanunua kitambaa, akasema kila mtu aende kwa fundi apimwe. Nikaona siku zinakwenda na mie sijaitwa, nikaenda mwenyewe. Fundi ana kibanda karibu na stendi. Suruali zangu zote anazishona yeye.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nimekuja unipime lile shati la safari."

Akasimamisha cherehani. "La bluu? Mzee, mbona yale nimeshayakata? Wenzio walipimwa Jumanne, wote saba."

"Sie tuko wanane."

"Kitambaa nilicholetewa ni cha saba." Akaniangalia, na nikaona akigundua kitu ambacho mie nilikuwa bado sijakigundua. Akashika futi yake ya kupimia, akanipima mkono, sijui wa nini, akaandika. "Kuna mabaki lakini," akasema kwa sauti ndogo. "Naweza kukutolea kofia."

Namsamehe, alikuwa na nia njema. Lakini katika maisha yangu nimekosa vitu vingi na sijawahi kutolewa kofia ya mabaki.

Nilikwenda moja kwa moja dukani kwa mtani wangu. Alikuwa anapima misumari kwenye mizani, mteja amesimama. Aliponiona akafungua mdomo kusema neno lake la kawaida. Nikamwahi.

"Mashati ni saba."

Akamaliza kupima, akafunga misumari kwenye gazeti, akamrudishia mteja chenji, akangoja mpaka ametoka. "Kaa," akasema. Sikukaa.

"Nilikuambia," akasema. "Mbele ya watu wote nilikuambia. Ukacheka."

"Ulinitania."

"Ungetaka nikuambie vipi? Mimi na wewe tuna lugha gani nyingine?"

Nitasema ukweli, swali lile lilinigusa. Lakini nikamjibu. "Kaburini kwa mke wangu ulitania. Uani ulinisomea hukumu, halafu ukaniacha nicheke. Ulijua nitacheka. Ndiyo maana ulisema vile."

Akatazama kaunta. Kisha akasema kwamba binti yangu mkubwa alikuja pale dukani, akalia, amesimama palepale niliposimama mie. Alisema baba akianguka nchi za watu nani atamrudisha. "Wewe ungemjibu nini, Mpare?"

"Ningemjibu aende akamwambie baba yake. Alikuja lini?"

Hapo akachelewa kujibu. Mtu anayechelewa kujibu tarehe, tarehe ndiyo yenye ubaya.

"Lini?"

"Baada ya ule mkutano wa kwanza. Mwezi wa tatu mwanzoni."

Nikahesabu kichwani. Mwezi wa tatu nilikuwa bado sijazungumza hata na dereva mmoja. Miezi minne yote nimekaa kwenye vibanda vya chai nauliza maji, nauliza njia, nauliza mvua, nafikisha taarifa kila Jumamosi na wanaitikia kwa vichwa, Mwalimu anaandika kwenye daftari, na wote wanajua siendi. Niliwateremshia mzigo wao mpaka kwenye gari, na gari halikuwa na nafasi yangu.

"Mliniacha nichague," nikasema.

"Ulikuwa na raha," akasema. "Hatujawahi kukuona na raha vile tangu mama afariki. Tukasema tusikuharibie."

Nikatoka dukani.

Binti yangu nilimkuta jikoni anachambua mchele. Anafanya kazi ya unesi, na nikisema neno la mwili wangu ananisahihisha. Nikamwambia nimeyajua. Hakuacha kuchambua.

"Baba, Morogoro hospitali nilikaa na wewe siku tatu. Wewe huzikumbuki. Mie nazikumbuka."

"Kwa nini hukuja kwangu?"

"Ningekuja ungenisikia?"

Jibu nilikuwa nalo na sikulipenda. Nisingemsikia. Lakini kunizuia ana kwa ana ni haki ya mtoto anayempenda baba yake, tungegombana wiki nzima, pengine angenishinda. Kwenda kunisemea kwa majirani kama ng'ombe aliyevunja uzio, hilo hapana. Nikamwambia hivyo. Akalia. Sikumbembeleza siku ile. Nilimbembeleza kesho yake, kwa sababu ni mwanangu.

Mwalimu alikuja yeye mwenyewe siku chache kabla ya safari. Akakaa ukingoni mwa kiti. Aliomba radhi kwa maneno mazuri, yaliyopangika kama barua. Halafu ikatoka shida yenyewe. Walikuwa hawana mawasiliano na mtu yeyote Mulanje. Madereva wote ni wangu, na kwa dereva sauti isiyojulikana haina maana. Wakishuka kwenye basi hawajui waelekee wapi.

Ningeweza kukataa. Nilifikiri juu ya hilo muda wa kunywa chai nusu kikombe. Kisha nikampigia dereva palepale mbele yake, nikaweka sauti ya wazi.

"Mzee wangu, shikamoo! Mnaingia lini?"

"Marahaba. Jumapili. Wako saba, wapokee vizuri."

"Saba na wewe?"

"Saba bila mie."

Kuku wakalia nyuma yake. "Mbona mama mkwe ameshatenga chumba cha mbele, kisicho na ngazi? Si ulisema una goti?"

"Mpe mwalimu wao," nikasema. "Ni mtu mzima pia."

Mwalimu alijifunika uso kwa khanga. Nilimwandikia namba kwenye kipande cha karatasi kwa mwandiko wangu wa darasa la nne, tarakimu kubwakubwa, nikahakiki mara mbili. Kazi niliyopewa nimeimaliza. Sitaki mtu aseme Mpare aliacha watu porini.

Walikwenda, wakarudi salama, namshukuru Mungu kwa hilo bila kinyongo. Jumapili moja mtani wangu akaja kwangu baada ya ibada, ngozi imemwungua puani. Nikamkaribisha kiti kizuri. Akaeleza. Juu ni tambarare kweli. Mlinzi anawasha moto kweli. Nikamwuliza maji, akasema yapo kila mahali, baridi ya kuuma. Nikamwuliza njia, akasema mawe kwanza, kisha nyasi. Nilisikiliza kila neno, kwa sababu nilitaka kujua, na kwa sababu Mulanje mie sijaiona na sidhani kwamba nitaiona. Kila kitu kilikuwa kama nilivyowaambia.

Alipomaliza akaweka kikombe chini, akanikazia macho, nikamwona anajiandaa.

"Ila siku ya kwanza mlima wako ulinipiga, Mpare. Nilitambaa. Safari hii mahakamani nakwenda mie, na wewe ndiye mshitakiwa namba moja."

Ulikuwa utani mzuri, pengine mzuri kuliko yote aliyowahi kunitania. Nilisikia kicheko kinapanda kifuani, na nilikuwa na la kumjibu, limekuja lenyewe kamili. Nikalimeza.

"Pole sana," nikamwambia. "Pole kwa safari."

Akangoja. Akatabasamu kidogo, akidhani ninavuta pumzi nimrudishie. Nikamwuliza kama anaongeza chai. Akasema hapana, ametosheka. Tukakaa. Akatazama ukuta unaotenganisha nyumba yake na yangu, kisha akasimama.

"Basi nashukuru, mzee," akasema.

Nikachukua fimbo yangu nikamsindikiza mpaka getini, nikamfungulia, nikamwambia awasalimie nyumbani.